Kabla Hujanunua Mbwa wa Mbegu

Tangazo la kuuza mbwa, liwe la Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, halibadiliki sana: German Shepherd, damu safi, wiki sita, chanjo tayari, bei maelewano. Picha ni ya mtoto wa mbwa aliyekalishwa juu ya zulia, masikio bado yamelala. Lisome mara ya pili ukitafuta kilichoachwa. Hutaambiwa mama yake yuko wapi, ana umri gani wala amezaa mara ngapi. Hutaambiwa baba yake na mama yake wana udugu gani.

Ninakuandikia wewe uliyekwisha kuamua kufuga mbwa, au unayekaribia kuamua, na bado unajiuliza utafute wa mbegu, chotara, au yule wa kienyeji aliyezaliwa nyuma ya jiko la jirani. Msimamo wangu nautanguliza: kwa nyumba nyingi za huku kwetu mbwa wa kienyeji anatosha na kubaki. Anayetaka wa mbegu simlaumu, mradi awachunguze wazazi kabla hajalipia jina.

Koko ana ukoo wake

Watu wengi humdhania mbwa wa mtaani kuwa ni mabaki ya mbwa wa kizungu waliozaana ovyo. Sivyo. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Adam Boyko walichapisha matokeo ya vinasaba vya mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia. Wale wa Uganda karibu wote walikutwa ni wa asili ya Afrika, bila mchanganyiko wa maana na mbegu za Ulaya. Kichekesho ni kwamba Rhodesian Ridgeback, mbwa anayeuzwa kwa sifa ya Uafrika wake, vinasaba vyake vilielemea zaidi nje ya bara hili.

Mbwa wa kienyeji basi ana ukoo mkongwe, ila hakuna aliyeuandika. Waliomchagua ni kupe, jua, njaa na mwendo mrefu wa kumfuata mchungaji, na aliye dhaifu hakufika umri wa kuzaa. Usiseme kwa hilo kwamba haugui. Parvo na kichaa cha mbwa humuua kama mbwa mwingine yeyote. Alichonacho ni umbo ambalo hakuna mtu aliyelipinda kwa makusudi: pua ndefu ya kuhemea, miguu inayolingana na kiwiliwili, manyoya mafupi yanayostahimili joto la Tanga na Mombasa.

Chotara ni mwingine. Huyo ni mtoto wa mbegu mbili, au wa mbegu na kienyeji, kama wale German Shepherd wa nusu damu waliojaa kwenye mageti ya mijini. Na mbwa wa mbegu ni yule ambaye mababu zake wameandikwa kitabuni, na kitabu chenyewe kimefungwa: hasajiliwi mbwa ila mtoto wa waliosajiliwa. Utaratibu huo si wa kale kama wauzaji wanavyopenda tuamini. The Kennel Club ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1873, na American Kennel Club ya Marekani mwaka 1884. Kwa upande wetu, East Africa Kennel Club ya Nairobi ndiyo inayosajili mbwa na kuendesha maonyesho. Cheti cha nasaba, kikiwa cha kweli, kinakuthibitishia jambo moja, nalo ni majina ya wazazi na mababu. Kuhusu nyonga, macho na moyo wa mbwa hakisemi kitu.

Kitabu kikishafungwa

Mfuga kuku wa kijijini hahitaji somo hili. Anajua jogoo akikaa bandani miaka mingi akawapanda binti zake na wajukuu zake, mayai huanza kuviza na vifaranga hudumaa, basi hubadilishana jogoo na mtu wa kijiji cha pili. Wazalishaji wa mbwa wa mbegu wamefanya kinyume kwa zaidi ya karne. Ili watoto wote wafanane na bingwa, walimpandisha bingwa huyo na binti yake, kisha na mjukuu wake.

Kila kiumbe hubeba kasoro kadhaa zilizojificha, nazo hazimdhuru mpaka mtoto azipokee kutoka kwa baba na kwa mama kwa pamoja. Mtoto wa baba na binti yake, au wa kaka na dada wa tumbo moja, ana uwezekano wa asilimia 25, kwa kila jeni, wa kupata nakala mbili zilizotoka kwa mzazi yule yule wa nyuma. Kwa mtoto wa mabinamu wa kwanza uwezekano huo ni asilimia 6.25. Kwa hiyo ukimuuliza muuzaji wazazi wana udugu gani, usione haya kama vile unachimba mambo ya watu. Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote.

Kasoro inaweza kuenea mbegu nzima. Dalmatian, yule mbwa mweupe wa madoa, wote wa kitabuni waliishia kuwa na jeni mbovu inayojaza asidi ya yuriki kwenye mkojo, na baadhi yao, hasa madume, huziba njia ya mkojo kwa mawe. Mwaka 1973 mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, Robert Schaible, alimpandisha Dalmatian na Pointer mara moja tu, kisha watoto waliobeba jeni nzima wakaendelea kupandishwa na Dalmatian wa kitabuni kizazi baada ya kizazi. Baada ya vizazi vichache hapakuwa na mtu wa kuwatofautisha kwa macho. Hata hivyo klabu ya Marekani haikuwakubali moja kwa moja mpaka mwaka 2011. Karibu miaka 40 mbwa waliendelea kuziba mkojo ilhali dawa ipo, kwa sababu watu walihofia damu ya nje iliyobaki kama tone ndani ya pipa.

Mfano wa pili unatoka kwa jirani zetu wa Kongo. Basenji, mbwa mdogo wa msituni mwenye mkia uliojikunja na asiyebweka kama wengine, alipelekwa Uingereza katika miaka ya 1930 na kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1937. Mbegu nzima ya Ulaya na Marekani ilitokana na mbwa wachache mno waliofika hai. Matokeo yake ni ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, ambao ulisambaa ndani ya mbegu hiyo. Wapenzi wa Basenji wakafanya la busara: mwaka 1987 na 1988 walisafiri Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, wakachukua mbwa kwa wawindaji wa vijijini, wale wanaowavisha mbwa kengele shingoni ili wasipotee porini. Mwaka 1990 American Kennel Club ikakifungua kitabu ili wageni hao waingie. Mbwa wa kijijini asiye na karatasi ndiye aliyekwenda kuwaokoa ndugu zake wenye vyeti.

Sasa usije ukaruka upande wa pili na kusema chotara haugui. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichapisha uchunguzi wa rekodi za mbwa zaidi ya 27,000 waliotibiwa huko katika miaka 15, ukiangalia magonjwa 24 ya kurithi. Magonjwa 10 yalionekana zaidi kwa mbwa wa mbegu, mmoja (kukatika kwa kano ya goti) ukaonekana zaidi kwa chotara, na 13 yaliyobaki hayakuonyesha tofauti. Chotara wa wazazi wawili wenye nyonga mbovu naye anaweza kabisa kuwa na nyonga mbovu. Wally Conron, aliyezalisha Labradoodle huko Australia mwaka 1989 akitafuta mbwa wa kuongoza mama asiyeona ambaye mumewe alidhurika na manyoya ya mbwa, alikuja kujutia hadharani jinsi watu walivyoigeuza kazi yake kuwa biashara ya kuchanganya chochote na chochote. Kwa hiyo ukiona "mchanganyiko maalumu" unauzwa ghali kuliko wazazi wake, maswali yako ni yale yale.

Mbegu ambazo ningekushauri uziache

Ziko mbegu ambazo tatizo lake si ugonjwa uliojificha. Tatizo ni lile umbo lenyewe unalolilipia. Bulldog wa Kiingereza, French Bulldog na Pug wamefupishwa pua mpaka nyama ya ndani ya koo haina pa kukaa. Ile sauti ya kukoroma ambayo watu huiona ya kuchekesha ni ya mnyama anayetafuta hewa. Mbwa hatoi jasho la kumpoza mwilini kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Asiyeweza kuhema vizuri akiwa Dar es Salaam mwezi wa Februari, mchana, umeme umekatika na feni imesimama, anaweza kufa kwa joto ndani ya nyumba. Mashirika mengi ya ndege yamekwisha kukataa kuwabeba kwenye sehemu ya mizigo. Isitoshe, uchunguzi uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vizazi vya Bulldog vilitolewa kwa upasuaji, maana kichwa cha mtoto hakipiti nyonga ya mama. Jiulize ni daktari gani wa mifugo karibu nawe atakayempasua mbwa saa nane za usiku.

Wenzetu wa Ulaya wameanza kulishughulikia jambo hili kisheria. Uholanzi iliweka mwaka 2019 vigezo vya kuzuia uzalishaji wa mbwa wenye pua fupi kupita kiasi. Nchini Norwe, Mahakama ya Juu iliamua Oktoba 2023 kwamba kuzalisha Cavalier King Charles Spaniel kama ilivyozoeleka kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama, kwa sababu ya moyo na fuvu linaloubana ubongo. Kwako wewe kipimo ni chepesi: mtazame mbwa kwa upande. Pua ikiwa fupi kuliko theluthi ya urefu wa kichwa kizima, mshukuru muuzaji uende zako.

Rhodesian Ridgeback yeye umbo lake ni zuri, lakini ule mstari wa nywele unaokwenda kinyume mgongoni una gharama. Jeni inayouleta ndiyo pia inayohusika na kishimo chembamba kinachotoboka kutoka kwenye ngozi kuelekea uti wa mgongo, kinachopata usaha. Watoto waliozaliwa bila mstari, ambao kwa habari ya kishimo ndio wenye nafuu, waliuawa kwa miaka mingi kwa kosa la kutofanana na picha. Ukinunua Ridgeback, mshike ngozi ya shingo na mgongo, uiinue kidogo kwa vidole viwili ukipapasa: kamba ngumu iliyoshikamana na chini ndiyo dalili. Muulize pia muuzaji waliozaliwa bila mstari wako wapi.

Husky na wenzake wa theluji sina mengi ya kusema. Wana manyoya ya tabaka mbili na sisi tuko karibu na ikweta.

German Shepherd, kwa kuwa ndiye mtakayemnunua

Mbwa huyu alisajiliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1899 na Max von Stephanitz, aliyekuwa afisa wa wapanda farasi Ujerumani, ambaye alitaka mbwa wa kazi na hakujali sana urembo. Waliokuja baadaye waliupenda mgongo unaoteremka kama paa la nyumba, na leo utakutana na mbwa ambao nyuma yao inatembea kama imechuchumaa. Omba umwone mama, na baba akiwepo, akitembezwa kwenda na kurudi kwenye ardhi tambarare, halafu akitoka kulala. Miguu ya nyuma ikiyumba au akiinuka kwa kujivuta kwa miguu ya mbele, ondoka.

Nyonga za mtoto wa wiki nane hazisemi lolote, kwa hiyo usikubali "daktari amempima, yuko sawa". Wanaopigwa eksirei ni wazazi, wakiwa wamekwisha kukua. Kipimo rasmi cha Uingereza huanzia mwaka mmoja, na cha Marekani miaka miwili. Wazalishaji wa huku wanaopiga picha hizo ni wachache. Walio nazo huzionyesha kwa furaha, maana wamezilipia, na mbwa wao kuwa ghali zaidi ni haki.

Kuna mengine mawili ya mbegu hii uyakumbuke hata baada ya kununua. Mbwa anayekula kwa pupa na bado anakonda, kinyesi chake kingi, laini na cha rangi iliyofifia, huenda kongosho lake halitoi vimeng'enya. Watu wengi humpa dawa ya minyoo mara tano kabla ya kumpeleka apimwe. Na mbwa wa miaka minane au tisa anayeanza kuburuta kucha za miguu ya nyuma bila kulia maumivu anaweza kuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo wa kurithi usio na tiba. Huo wazalishaji wa nje huupima kwa vinasaba, na mbwa aliyeagizwa kutoka Ulaya anaweza kuja na majibu yake.

Usinunue pia kwa imani kwamba ukali uko kwenye damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba mbegu inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. German Shepherd anayefungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku hawi mlinzi, anakuwa mwendawazimu anayemng'ata mtoto wa mpangaji. Mwizi wa kwetu anachokihofia ni kelele, na kelele mbwa wa kienyeji anazo za kutosha.

Siku ya kwenda kumwona

Nenda alikozaliwa. Muuzaji akikuambia mkutane sheli, au atakuletea kwa bodaboda kukupunguzia usumbufu, hapo biashara imekwisha. Kisingizio kinachozoeleka ni "Mama yuko shamba, kaka." Mjibu kwa upole: "Basi twende shamba, mafuta nitaweka mimi." Mwenye mbwa wa kweli ataweka siku. Mchuuzi aliyekusanya watoto kutoka huku na huko atakuambia kuna mteja mwingine anakuja jioni.

Ukifika, muangalie mama kabla hujawaangalia watoto, na jikaze kweli kweli, kwa sababu watoto wa mbwa hufanya mtu mzima asahau alichokuja kutafuta. Mama anayenyonyesha anaweza kukonda kidogo, lakini mifupa haipaswi kuhesabika, na chuchu zake zionekane zinatumika. Akikuogopa mpaka anajificha, au akitaka kukurarua hata mwenyewe akiwepo, ujue watoto wamemwiga tangu walipofungua macho. Uliza ana miaka mingapi na hili ni tumbo la ngapi. Jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka na mimba yake ni kama siku 63, hivyo mwenye tamaa anaweza kumzalisha bila kupumzika. Mama wa miaka minne mwenye matumbo sita ni mashine, na fedha yako ndiyo inayoiendesha.

Wiki sita ni mapema. Mtoto akae na mama na ndugu zake hadi angalau wiki nane, kwani hapo ndipo anapojifunza kutong'ata kwa nguvu. Ndugu yake akilia na kuacha kucheza naye, anaelewa. Kadi ya chanjo iwe na ile lebo iliyobanduliwa kwenye kichupa, tarehe, na mhuri wa daktari wa mifugo. "Chanjo tayari" ya wiki sita ina maana amechomwa mara moja kama kweli amechomwa, na chanjo za parvo na distempa hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi afikishe wiki 16 hivi. Miongoni mwa wanaokufa kwa parvo hapa kwetu wamo hao "waliochanjwa tayari", ambao mwenye nao mpya aliwatembeza mtaani siku ya pili.

Kama analeta cheti cha nasaba, piga picha namba yake na uwasiliane na klabu iliyokitoa kabla ya kulipa. Kama mbwa ana chipu, namba ya chipu na ya cheti zilingane. Kisha soma majina ya mababu: jina moja likitokea upande wa baba na upande wa mama, hasa katika vizazi vitatu vya karibu, umekwisha kupata jibu la swali la udugu.

Mwisho muulize, mbwa akinishinda utampokea? Hili wengi hawalitegemei. Mzalishaji anayejali atasema ndiyo, na atakuuliza yeye maswali: una ukuta au uzio, nani anabaki nyumbani mchana, mbwa atalala wapi. Usiudhike. Anayekuuliza ndiye unayemtafuta.

Ukimchukua wa kienyeji

Hapa mambo ni mafupi. Kama yuko kwa jirani, mfuate ukiwa na zawadi kidogo, na uchague yule anayekujia bila kukimbia na bila kukuvamia. Mjini, ulizia vituo vya kuokoa wanyama. Nairobi kuna KSPCA na Kampala kuna USPCA, ambavyo hutoa mbwa na paka kwa wanaoweza kuwatunza. Kituo kizuri kitataka kuja kuona nyumba yako.

Kiasi ambacho ungemlipa muuzaji, kigawe: dawa ya minyoo, chanjo, dawa ya kupe, kuhasi. Kupe usiwapuuze kwa kuwa mbwa ni wa hapa. Homa ya kupe huua kimya kimya, na fizi zilizopauka ndiyo ishara ya kumkimbiza kwa daktari siku hiyo hiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo isiyo na mjadala. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa, asilimia 99, waliambukizwa na mbwa, na wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakatika. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo zimeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Na mlishe, ugali mtupu wenye harufu ya dagaa ulimkuza mbwa wa babu yako, ndiyo, lakini yule wa babu alijiongezea panya na sungura.

Neno kwa wa paka

Pwani nyumba nyingi hazimweki mbwa ndani, na paka ndiye mwenyeji. Maneno mengi ya juu yanamhusu, na yapo mawili matatu ya kuongeza. Scottish Fold, paka mwenye masikio yaliyokunjwa, usimnunue kabisa: jeni inayokunja sikio ni kasoro ya gegedu, na gegedu liko kwenye kila kiungo, hivyo kila aliyekunjwa sikio ana ugonjwa wa viungo kwa kiwango fulani. Wote wametokana na paka mmoja wa shambani huko Scotland, Susie, aliyeonekana mwaka 1961. Kwa Persian, uliza kama wazazi wamepimwa uvimbe wa maji kwenye figo. Mzazi mmoja tu anatosha kuurithisha.

Na ukitaka paka wa kujivunia mbele ya wageni, unaye. Sokoke, paka wa mistari kama gome la mti, anaandikwa leo kwenye vitabu vya Ulaya na Marekani kama mbegu adimu. Alichukuliwa kwenye ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, mwishoni mwa miaka ya 1970, akapelekwa Denmark katika miaka ya 1980. Kizazi cha kwanza kilikuwa cha paka wachache sana, na wazalishaji wakarudi tena Kenya kutafuta damu mpya. Wagiriama walimjua zamani kwa jina la kadzonzo, na hawakumtoza mtu shilingi.

Mbwa wako akishakua

Sasa amefikisha mwaka na nusu, ana kifua, ana sauti, na jirani anabisha hodi. Ana jike limeingia joto, anataka mpandishe, mgawane watoto. Atakupigia hesabu ya watoto wanane mara bei ya tangazo. Hesabu hiyo haina wiki nane za chakula, haina minyoo wala chanjo za watoto wanane, haina daktari wa usiku, na haina wale watatu wasiopata mnunuzi ambao wataishia kwenye kiroba karibu na jalala. Huku kwetu pia kuna uvimbe wa sehemu za siri wa mbwa unaoambukizwa kwa kupandana. Hutibika, lakini kwa sindano za wiki kadhaa, na huanza na matone ya damu ambayo mwenye mbwa hudhani ni jeraha.

Usimkatalie kwa ukali, ni jirani. Mkaribishe chai umuulize yale yale uliyomuuliza muuzaji: jike lina miaka mingapi, limezaa mara ngapi, baba yake ni nani, nyonga zimepigwa picha, watoto wakirudi atawapokea. Akiyajibu yote kwa ushahidi, na wa kwako naye amepimwa, mnayo ya kuzungumza. Jibu lolote likiwa "sijui", mwambie wako amekwisha kuhasiwa, na wiki hiyo hiyo mpeleke akahasiwe kweli.